Ziara ya Jenerali Lafayette nchini Marekani, 1824–1825: Mgeni wa Taifa Alilosaidia Kulikomboa

Tarehe 15 Agosti, 1824, meli ya abiria iitwayo Cadmus iliwasili katika bandari ya New York ikitokea Le Havre, Ufaransa. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mzee wa miaka 66 aliyetembea kwa msaada wa fimbo, akifuatana na mwanawe wa kiume na katibu wake. Mzee huyo alikuwa Marquis de Lafayette, jenerali pekee aliyekuwa bado hai kati ya majenerali wakuu wa jeshi la George Washington lililopigania uhuru wa Marekani. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu akanyage ardhi hiyo kwa mara ya mwisho.

Ziara iliyoanza siku hiyo ilikusudiwa kuchukua miezi michache tu na kugusa makoloni 13 ya awali. Badala yake ilidumu kwa takriban miezi 13, ikayafikia majimbo yote 24 yaliyokuwapo wakati huo, na msafara ukasafiri zaidi ya maili 6,000, sawa na takriban kilomita 9,600. Magazeti yalimpa Lafayette jina la “Mgeni wa Taifa”, na jina hilo limebaki katika historia. Makala haya yanaeleza chimbuko la ziara hiyo, namna ilivyoendeshwa, na yale iliyoyaweka wazi kuhusu taifa lililokuwa bado changa: mafanikio yake, na ahadi ambazo lilikuwa halijazitimiza.

Kijana aliyevuka bahari

Gilbert du Motier de Lafayette alizaliwa tarehe 6 Septemba, 1757, katika kasri la Chavaniac, mkoa wa Auvergne, Ufaransa. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1759, na mama yake alifariki mwaka 1770, hivyo akabaki yatima mwenye utajiri mkubwa. Mwaka 1774 alimwoa Adrienne de Noailles, binti wa mojawapo ya familia zenye nguvu katika jumba la kifalme.

Habari za makoloni ya Waingereza yaliyoasi ng’ambo ya Atlantiki zilimvutia kijana huyo kiasi cha kununua meli kwa fedha zake mwenyewe na kuondoka bila idhini ya mfalme wake. Alifika pwani ya South Carolina mwezi Juni, 1777. Tarehe 31 Julai ya mwaka huo, Bunge la makoloni lilimpa cheo cha meja jenerali akiwa na umri wa miaka 19, baada ya yeye kuomba kutumikia kama mtu wa kujitolea asiyelipwa mshahara. Wiki sita baadaye, tarehe 11 Septemba, alipigwa risasi ya mguu katika mapigano ya Brandywine. Majira ya baridi yaliyofuata aliishi na askari wa Washington katika kambi ya Valley Forge, ambako njaa, baridi na maradhi viliua watu wengi.

Mchango wake mkubwa haukuishia katika uwanja wa vita. Mwaka 1779 alirejea Ufaransa kushawishi serikali yake iongeze msaada, na mwaka 1780 akarudi Marekani akitangulia kikosi cha askari wa Kifaransa kilichoongozwa na Jenerali Rochambeau. Mwaka 1781 alipewa jukumu la kumfuatilia na kumbana Jenerali Cornwallis wa Uingereza katika jimbo la Virginia. Kazi hiyo ilichangia kuzingirwa kwa jeshi la Waingereza huko Yorktown, ambako lilisalimu amri tarehe 19 Oktoba, 1781.

Maisha yake baada ya hapo yalijaa misukosuko. Mwaka 1789 aliwasilisha mbele ya wawakilishi wa Ufaransa rasimu ya kwanza ya tamko la haki za binadamu, na baadaye akawa kamanda wa Walinzi wa Taifa jijini Paris. Mwaka 1792 mapinduzi yalipogeuka kuwa ya umwagaji damu, alikimbia nchi yake, akakamatwa na maadui wa Ufaransa na kufungwa kwa miaka mitano. Mkewe Adrienne, ambaye mwaka 1794 aliponea chupuchupu baada ya ndugu zake wa karibu kuuawa kwa gilotini, aliomba kufungwa pamoja naye katika gereza la Olmütz. Walitoka mwaka 1797, na Adrienne alifariki mwaka 1807 akiwa na afya iliyoharibiwa na kifungo. Kufikia mwaka 1824, Lafayette alikuwa mjane, sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa imepotea, na alikuwa ametoka kupoteza kiti chake bungeni chini ya utawala wa kifalme uliorejeshwa Ufaransa.

Mwaliko wa Rais na Bunge

Mwezi Februari, 1824, Rais James Monroe alimwandikia Lafayette barua ya mwaliko kufuatia azimio la Bunge la Marekani. Monroe hakuwa mgeni kwake. Walikuwa pamoja katika vita vya ukombozi wakiwa vijana, na miaka ya baadaye, Monroe alipokuwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris, yeye na mkewe walisaidia kuachiwa kwa Adrienne kutoka gerezani.

Serikali ilimwahidi Lafayette manowari ya kumchukua. Alishukuru lakini akakataa, akachagua kupanda meli ya kawaida ya abiria. Alifuatana na mwanawe, Georges Washington de Lafayette, aliyepewa jina la kamanda wa baba yake, pamoja na katibu wake Auguste Levasseur. Levasseur aliandika kumbukumbu za safari siku baada ya siku, na kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1829 ndicho chanzo kikuu cha taarifa za ziara hiyo.

Wakati wa mwaliko huo ulikuwa na maana yake. Marekani ilikuwa inakaribia kutimiza miaka 50 ya uhuru. Kizazi cha waasisi kilikuwa kinatoweka: Washington alikuwa amefariki tangu mwaka 1799, na wengi wa wananchi waliokuwa hai mwaka 1824 walikuwa hawajazaliwa wakati wa vita. Kwao Lafayette alikuwa historia iliyokuja mlangoni kwa miguu yake yenyewe.

Mapokezi ya New York na Boston

Tarehe 16 Agosti, baada ya kulala katika kisiwa cha Staten nyumbani kwa Makamu wa Rais Daniel Tompkins, Lafayette aliingizwa jijini New York na msafara wa meli za mvuke. Mizinga ilipigwa, kengele za makanisa zikalia, na umati mkubwa ukajaa barabara ya Broadway hadi katika ukumbi wa jiji.

Utaratibu uliowekwa hapo ulirudiwa katika karibu kila mji aliopita. Kamati ya mapokezi ilimlaki mpakani. Askari wa mgambo walipiga gwaride. Tao la maua lilijengwa barabarani. Wanafunzi walipangwa kwa mistari. Kiongozi wa mji alisoma hotuba, na mgeni akajibu kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya Kifaransa. Jioni palikuwa na karamu na dansi. Wafanyabiashara nao hawakubaki nyuma, kwani sura yake ilichapishwa kwenye sahani, riboni na glavu. Kikosi kimoja cha mgambo cha New York kilijiita Walinzi wa Taifa kwa heshima ya jeshi alilowahi kuliongoza Paris, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo kwa jeshi la akiba la majimbo ya Marekani.

Sehemu iliyowagusa wengi zaidi katika kila mapokezi ilikuwa kukutana kwake na askari wazee. Walikuja wakiwa wamevaa masalia ya sare zao, wengine wakitegemea magongo, wakimtajia majina ya mito na vilima walikopigana pamoja naye. Wengi wao walikuwa maskini. Sheria ya pensheni ya mwaka 1818 ilitoa dola 8 kwa mwezi kwa askari wa kawaida wa jeshi la taifa, lakini kwa sharti kwamba mhusika awe mhitaji. Na kuanzia mwaka 1820 ilimlazimu kuorodhesha mali zake zote, hata vyombo vya jikoni, ili kuthibitisha ufukara wake. Hivyo shangwe za mitaani ziliwakumbusha viongozi kwamba deni la taifa kwa wapigania uhuru wake halikuwa la Mfaransa mmoja tu. Pensheni isiyofungwa na sharti la umaskini, iliyowahusu pia wengi waliotumikia katika mgambo, ilikuja kutolewa kwa sheria ya mwaka 1832.

Mwezi huohuo wa Agosti, Lafayette alifika Boston, na kutoka hapo akaenda kumtembelea Rais mstaafu John Adams nyumbani kwake Quincy. Adams alikuwa na umri wa miaka 88, na mwili wake ulikuwa umedhoofu sana.

Makaburi na marafiki waliobaki

Tarehe 17 Oktoba, 1824, msafara ulifika Mount Vernon, kando ya mto Potomac, yalipokuwa makazi ya Washington. Ndani ya nyumba hiyo ulikuwa bado umetundikwa ufunguo wa gereza la Bastille, ambao Lafayette aliutuma kwa Washington kama zawadi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Georges naye alikuwa na kumbukumbu zake mahali hapo, kwa kuwa alihifadhiwa na Washington wakati baba yake alipokuwa kifungoni.

Levasseur anaeleza kwamba Lafayette aliteremka peke yake katika kaburi la Washington, akakaa humo kwa muda, kisha akatoka macho yake yakiwa yamejaa machozi. Baada ya hapo alimshika mwanawe na katibu wake mikono, akarudi nao ndani.

Siku mbili baadaye alikuwa Yorktown, siku ileile ambayo miaka 43 nyuma jeshi la Cornwallis lilisalimu amri. Tarehe 4 Novemba alipokewa Monticello na Rais mstaafu Thomas Jefferson, aliyekuwa na miaka 81. Wazee hao wawili walikumbatiana mbele ya nyumba huku umati ukiwatazama kimya. Rais mstaafu James Madison alijiunga nao kwa chakula cha jioni. Kesho yake karamu ilifanyika katika jengo la duara la Chuo Kikuu cha Virginia, lililokuwa bado linajengwa.

Bungeni: heshima na fedha

Tarehe 10 Desemba, 1824, Lafayette alipokewa katika Baraza la Wawakilishi na Spika Henry Clay. Alikuwa kiongozi wa kwanza kutoka nchi ya nje kulihutubia Baraza hilo. Katika hotuba yake, Spika alisema kwamba watu wengi hutamani mzalendo apewe nafasi ya kurudi baada ya kifo chake aone nchi yake ilivyobadilika, na kwamba Lafayette amepata bahati hiyo akiwa hai. Mgeni huyo alijibu kwa unyenyekevu, akasema kwamba maendeleo aliyoyaona yalizidi matarajio yake.

Heshima hiyo ilifuatiwa na uamuzi wa fedha. Bunge lilipitisha sheria ya kumpa Lafayette dola 200,000 pamoja na ardhi ya takriban ekari 23,000 katika eneo la Florida, ambayo hakuwahi kwenda kuiona. Hoja ya walioiunga mkono ilikuwa kwamba alitumikia bila mshahara, alitumia mali yake kuwavika na kuwalisha askari, na sasa alikuwa na madeni. Ulikuwapo pia msemo wa siku nyingi barani Ulaya kwamba serikali za jamhuri hazina shukrani. Wamarekani walitaka kuonyesha kwamba shukrani yao si ya punda.

Hata hivyo, si wote walioafiki. Seneta Nathaniel Macon wa North Carolina, aliyemheshimu sana Lafayette, alipinga kwa hoja ya misingi: kwamba Lafayette alipokewa katika familia kama mwana miongoni mwa wana wengine, na wana wengine waliomwaga damu hawakuwa wamelipwa kwa kiwango hicho. Hoja hiyo ilishindwa kwa kura, lakini ilikuwa na uzito, hasa ilipowekwa kando ya dola 8 za askari fukara. Sheria ilitiwa saini kabla ya mwaka kwisha.

Ziara katikati ya uchaguzi mkali

Lafayette aliikuta nchi ikiwa katikati ya uchaguzi wa Rais wenye mvutano mkubwa. Wagombea walikuwa wanne: John Quincy Adams, Andrew Jackson, William Crawford na Henry Clay. Hakuna aliyepata wingi wa kura za wajumbe uliohitajika, hivyo kwa mujibu wa Katiba uamuzi ukaenda katika Baraza la Wawakilishi, ambalo tarehe 9 Februari, 1825 lilimchagua Adams, ingawa Jackson ndiye aliyeongoza kwa kura.

Katika kipindi chote hicho Lafayette alikataa kuonyesha upande wowote. Alipokewa na wafuasi wa kila mgombea, na kamati za mapokezi ziliwakutanisha watu ambao kwa sababu za siasa walikuwa hawasalimiani. Jioni ya siku ya uamuzi, katika hafla ya Rais Monroe aliyohudhuria pia Lafayette, Jackson alimwendea Adams na kumpa mkono wa pongezi. Uhasama haukuisha kwa mkono huo. Wafuasi wa Jackson waliendelea kulalamikia matokeo kwa miaka minne. Lakini madaraka yalikabidhiwa kwa amani, na mgeni aliyeshuhudia nchi yake ikipita katika mapinduzi, udikteta na kurejea kwa ufalme aliliona hilo kuwa jambo kubwa.

Uhuru usiowafikia wote

Mwaka 1820 sensa ya Marekani ilihesabu watu takriban milioni 9.6. Zaidi ya milioni 1.5 kati yao walikuwa watumwa. Hilo ndilo jambo lililoitia doa furaha ya Mgeni wa Taifa, naye hakulificha.

Msimamo wake ulikuwa wa muda mrefu. Mwaka 1783 alimwandikia Washington akipendekeza washirikiane kununua shamba ambamo watumwa wangefanya kazi kama wapangaji huru. Baadaye alinunua mashamba huko Cayenne, katika koloni la Guyana ya Ufaransa, kwa lengo la kuwaelimisha watumwa waliokuwamo na kuwaacha huru hatua kwa hatua, kazi iliyosimamiwa zaidi na Adrienne. Mpango huo uliishia vibaya. Alipotangazwa kuwa msaliti mwaka 1792, mali yake ilitaifishwa na watu hao wakauzwa kabla ya kupata uhuru waliokuwa wameahidiwa.

Tarehe 10 Septemba, 1824, Lafayette alitembelea Shule Huria ya Waafrika mjini New York, iliyoanzishwa na chama cha kupinga utumwa ambacho yeye alikuwa mwanachama wake wa heshima. Mwanafunzi wa miaka 11, James McCune Smith, ndiye aliyechaguliwa kumkaribisha kwa hotuba. Mtoto huyo alikuwa amezaliwa katika utumwa, ambao katika jimbo la New York ulikomeshwa rasmi mwaka 1827. Mwaka 1837 Smith alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya tiba, na baadaye mmoja wa viongozi mashuhuri wa harakati za kupinga utumwa.

Mjini Richmond, Virginia, Lafayette alimtambua katika umati mwanamume Mweusi aliyeitwa James, akaita jina lake na kumkumbatia hadharani. Mwaka 1781 James, akiwa mtumwa wa William Armistead, alijipenyeza katika kambi ya Cornwallis na kumletea Lafayette taarifa za siri. Vita vilipokwisha alirudishwa utumwani, kwa kuwa sheria ya kuwaacha huru watumwa waliopigana haikumhusu mpelelezi. Mwaka 1784 Lafayette alimwandikia hati ya kuthibitisha utumishi wake, na mwaka 1787 Bunge la Virginia likamwacha huru. Tangu hapo akajiita James Lafayette.

Huko Monticello, mtumwa aliyeendesha gari la farasi, Israel Gillette, alisikia mazungumzo kati ya Lafayette na Jefferson. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu huru katika jimbo la Ohio, alisimulia kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1873. Kwa simulizi yake, Lafayette alimweleza mwenyeji wake kwamba watumwa wanapaswa kuwa huru na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kummiliki binadamu mwenzake. Jefferson alijibu kwamba wakati wa uhuru wao utafika, lakini hakusema lini wala kwa njia gani. Lafayette aliuliza pia kuhusu elimu yao, na Jefferson akasema anakubali wafundishwe kusoma lakini si kuandika, kwa kuwa mwenye kujua kuandika angeweza kughushi hati za kusafiria. Aliyekuwa ameshika hatamu za farasi aliyasikia yote hayo na kuyahifadhi moyoni kwa karibu nusu karne.

Kusini na magharibi

Mwishoni mwa Februari, 1825, msafara ulielekea majimbo ya kusini. Tarehe 9 Machi, mjini Camden, South Carolina, Lafayette aliweka jiwe la msingi la mnara wa Jenerali de Kalb, mwenzake aliyesafiri naye mwaka 1777 na kuuawa vitani mwaka 1780. Mwezi huohuo alipita Fayetteville, North Carolina, mji uliopewa jina lake tangu mwaka 1783.

Mwishoni mwa Machi alivuka mto Chattahoochee kuingia Alabama, akisindikizwa na watu wa taifa la Wakriki, mmoja wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika. Wiki chache kabla, tarehe 12 Februari, baadhi ya machifu wao walikuwa wametia saini mkataba wa kuikabidhi serikali ardhi yao iliyokuwa Georgia, kinyume cha msimamo wa wengi wa watu wao. Walimpokea mgeni kwa heshima na michezo yao ya jadi huku nchi yao ikiwa imeshaanza kuwaponyoka.

Mwezi Aprili alikuwa New Orleans. Huko alipokea ujumbe wa wanaume Weusi huru waliopigana kuulinda mji huo dhidi ya Waingereza mwaka 1815, akawashika mikono na kuusifu utumishi wao. Kutoka hapo alipanda mto Mississippi kwa meli ya mvuke hadi St. Louis, kisha akaenda Nashville, ambako Jackson alimkaribisha nyumbani kwake.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei, 1825, ziara ilinusurika kugeuka msiba. Meli ya mvuke Mechanic iligonga kitu kilichokuwa chini ya maji katika mto Ohio na kuzama. Lafayette alitolewa gizani kwa mashua na kufikishwa ukingoni, ambako aliisubiri asubuhi kando ya moto. Alipoteza gari lake, fedha na nyaraka nyingi, lakini hakuna aliyekufa. Kapteni wa meli alionekana kuvunjika moyo kwa kuhofia kwamba wananchi hawangemsamehe. Safari iliendelea kwa meli nyingine.

Mjini Buffalo, mwezi Juni, alikutana na Red Jacket, msemaji mashuhuri wa taifa la Waseneca. Kwa mujibu wa Levasseur, mzee huyo alimkumbusha Lafayette mkutano wa mapatano waliouhudhuria wote wawili Fort Stanwix mwaka 1784. Lafayette alipouliza yuko wapi yule kijana aliyezungumza kwa ufasaha mkubwa siku ile, Red Jacket alimjibu kwamba ndiye aliyesimama mbele yake. Sehemu ya safari ya kurudi mashariki ilipita katika Mfereji wa Erie, uliofunguliwa wote mwezi Oktoba mwaka huo na kuyaunganisha Maziwa Makuu ya Amerika na bahari.

Tarehe 17 Juni, 1825, Lafayette alihudhuria mjini Boston kuwekwa kwa jiwe la msingi la mnara wa Bunker Hill, miaka 50 kamili tangu mapigano ya mahali hapo. Daniel Webster alihutubia umati mkubwa. Lafayette aliomba kuketi miongoni mwa askari wazee na si katika jukwaa la viongozi.

Kuagana

Mwezi Agosti alirudi Monticello kumuaga Jefferson. Wote wawili walijua kwamba hawataonana tena. Tarehe 6 Septemba, 1825, siku alipotimiza miaka 68, Rais John Quincy Adams alimwandalia karamu katika Ikulu ya Marekani. Kesho yake biashara na shughuli za kawaida zilisimama jijini Washington, Rais akatoa hotuba ya kumuaga, na mgeni akashindwa kuyazuia machozi alipokuwa akijibu.

Safari hii Lafayette alikubali manowari ya serikali. Meli hiyo mpya ilikuwa imepewa jina la Brandywine, mahali alipomwaga damu yake akiwa kijana wa miaka 20. Alichukua pia udongo wa Bunker Hill. Alipofariki Paris tarehe 20 Mei, 1834, udongo huo ulimwagwa juu ya kaburi lake katika makaburi ya Picpus, alipolazwa kando ya Adrienne.

Urithi wa ziara

Ziara ya Lafayette iliacha alama zinazoonekana hadi leo. Miji, wilaya, viwanja na shule nyingi zina jina lake. Picha yake iliyochorwa na Ary Scheffer ipo katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, ikiwa sambamba na ile ya Washington. Mjini Philadelphia, maandalizi ya kumpokea yaliwafanya wananchi waanze kulitazama kama amana ya taifa jengo ambamo Tamko la Uhuru lilipitishwa, jengo lililokuwa limesahauliwa. Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilimpa uraia wa heshima.

Ilikuwa pia nafasi ya mwisho. Tarehe 4 Julai, 1826, siku Marekani ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Jefferson na John Adams walifariki wote wawili kwa saa chache za tofauti. Kama mwaliko ungecheleweshwa kwa miaka miwili ili uende sambamba na jubilei, Lafayette angekuta makaburi. Taifa lilimshukuru mpigania uhuru wake akiwa bado na masikio ya kusikia.

Lakini ziara hiyo ilikuwa pia kipimo. Mwenyeji anapomwonyesha mgeni nyumba yake, naye huiona upya. Lafayette alionyeshwa mifereji, vyuo, mabunge na miji ambayo katika ujana wake ilikuwa misitu. Akaona na watu waliosimama nje ya uzio wa uhuru huo. Utumwa ulikomeshwa nchini Marekani mwaka 1865, miaka 31 baada ya kifo chake, kwa gharama ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Swali alilomwuliza Jefferson katika gari la farasi lilijibiwa na kizazi ambacho waasisi wote wawili hawakukiona.

Tarehe muhimu

6 Septemba, 1757: Lafayette azaliwa Chavaniac, Ufaransa.
31 Julai, 1777: Apewa cheo cha meja jenerali katika jeshi la Washington.
19 Oktoba, 1781: Jeshi la Waingereza lasalimu amri Yorktown.
15 Agosti, 1824: Awasili New York kuanza ziara.
17 Oktoba, 1824: Azuru kaburi la Washington, Mount Vernon.
10 Desemba, 1824: Ahutubia Baraza la Wawakilishi.
9 Mei, 1825: Anusurika katika ajali ya meli, mto Ohio.
17 Juni, 1825: Ahudhuria uwekaji wa jiwe la msingi la mnara wa Bunker Hill.
7 Septemba, 1825: Aagwa rasmi jijini Washington.
20 Mei, 1834: Afariki jijini Paris akiwa na umri wa miaka 76.